Soja wa Siku ya Familia

Hapa Doha, ukiuliza mahali pa kumpeleka mtoto siku ya Ijumaa, utaambiwa uniulize mimi. Sikatai. Mabasi yangu madogo yanabeba watoto wa kila taifa, kutoka Wakrah mpaka ng'ambo ya mji, na hakuna bwawa, ukumbi wa judo wala darasa la kuchora ambalo sijui linafungua saa ngapi. Na hayo yote nimeyafanya kwa elimu ya darasa la sita, tena hilo la sita lenyewe sikulimaliza. Lakini haki ya mtu usimnyime. Kabla yangu alikuwepo Soja, na kila ninachojua katika mambo haya nilikitoa kwake, kingine kwa kuomba, kingine kwa kutukanwa.

Jina lake lilikuwa kwenye beji kifuani na nimelisoma miaka mingi, ila hakuna aliyelitumia. Wakenya tulimwita Soja, Waganda walimwita Mzee, watoto walimwita Babu. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia ya kazi imemkaa kichwani kama iliyopigiliwa msumari. Kampuni yake ya ulinzi ilikuwa na mtindo wa kuwahamisha walinzi kila baada ya miezi michache, wasije wakazoeana na mahali. Wenzake walinung'unika. Yeye kila alipohamishwa alipata mlango mpya wa kuuchunguza: bustani, kisha maktaba, kisha jumba la makumbusho, kisha bwawa la kuogelea, halafu bustani tena. Ndivyo alivyokuja kuyajua mambo ya watoto wa mji huu kuliko mama yeyote mwenye simu kubwa.

Tulikutana vibaya. Nilikuwa bado dereva wa limozini ya hoteli, miaka ya mwanzo mwanzo, na Ijumaa moja nikapewa nusu siku. Nikavaa suti, nikapiga viatu rangi, nikaenda kwenye bustani ambayo kila wiki nilikuwa nikishusha wageni, ili na mimi nikae kwenye nyasi kama binadamu. Mlangoni amesimama yeye.

"Leo familia tu, ndugu yangu."

"Mimi nina familia."

"Iko wapi?"

"Voi. Mke na mtoto."

"Basi leo pumzikia bustani ya Voi."

Asiyeishi huku huenda asielewe. Mwanamume aliyekuja kazini peke yake, hata awe na mke na wajukuu kwao, huku ni bachela. Na sehemu nyingi wakati huo Ijumaa ilikuwa siku ya familia, bachela haingii. Nilimwambia Soja kwamba yeye mwenyewe ni bachela kama mimi, tena bachela mwenye mvi.

"Ndiyo sababu niko upande huu wa mlango," akasema. Nikatazama miguu yake. Kweli, alikuwa amesimama nje ya kizingiti kwa hatua moja.

Nilikaa naye pale nje saa nzima, na suti yangu, nikimtukana kimoyomoyo. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi yake ya pili. Watoto walikuwa wakitoka kwenye mchezo fulani wa mpira huko ndani, na yeye hakuwatazama nyuso. Aliwatazama viatu.

"Kuingia hakusemi kitu," aliniambia. "Kuingia wote wanavutwa. Ngoja watoke. Mtoto akitoka amefunga kamba vizuri, huyo alikuwa akingoja kengele tu. Akitoka kiatu cha kushoto kiko mguu wa kulia, hapo ni pazuri."

Watu walidhani ana orodha mahali. Hakuwa nayo. Kila kitu kilikuwa kichwani, na kila kitu kilitokana na kusimama mlangoni. Darasa moja la kuchora, lenye sifa mji mzima, alilikataa kwa maneno machache: watoto wanatoka na picha nzuri na mikono misafi, kwa hiyo anayechora ni mwalimu. Hakumwamini mkufunzi anayevaa filimbi shingoni. Alisema mwenye uwezo huiweka mfukoni. Hapo hapo yeye alikuwa na filimbi shingoni, na aliipuliza kwa sababu yoyote, hata ndege wakitua kwenye maua.

Ijumaa ambazo zamu yake ilianza mchana, alikuja ibadani Mesaimeer, kule kwenye makanisa. Ibada ikiisha hakupata hata nafasi ya kunywa maji. Wazazi walimzunguka pale kwenye maegesho kama mganga aliyefika na dawa mpya. Namkumbuka nesi mmoja wa Kisii, bado na sare ya kazini, amemshika mwanawe kwa kola.

"Mzee, huyu wangu anapanda vitu."

"Anapanda nini?"

"Friji."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu. Anakaa."

"Jumamosi saa nne, ule ukumbi wenye kuta za kukwea, karibu na uwanja. Muulize mwalimu Mnepali, si yule mwingine. Yule mwingine anaogopa kuliko watoto."

"Na friji?"

"Friji isogeze mbali na kabati, mama. Mimi si fundi."

Kosa lake kubwa lilikuwa kuelekeza njia. Doha ya zamani ilikuwa mji wa raundabauti, zile njia panda za magari kuzunguka. Hakuna aliyejua jina la barabara. Ulisema raundabauti ya birika, ya upinde, ya kuku, na mtu alifika. Basi serikali ikaanza kuzivunja, moja baada ya nyingine, ikaweka taa na barabara za juu. Soja hakuzifuta kichwani. Aliendelea kukuambia pinda kulia kwenye raundabauti ambayo imegeuka kuwa shimo lenye matrekta. Familia moja ya Kampala ilitoka asubuhi kutafuta darasa la ufinyanzi, ikafuata maelekezo yake, ikaishia soko la mbuzi. Watoto walikaa huko mpaka adhuhuri, wakapanda mbuzi, wakarudi wananuka na wanaimba. Baba mtu alimjia Soja juu. Soja akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza viatu vya watoto vilirudi vikiwa katika hali gani. Tangu hapo soko la mbuzi likaingia kwenye mapendekezo yake, Alhamisi jioni, bure.

Sasa nitasema jambo ambalo lilinichukua miaka kuligundua, na mimi si mjinga. Mahali hapo pote alipopasifu na kupaponda, Soja hakuwahi kuingia. Kazi yake ilikomea kizingitini, na yeye sheria aliifuata kama Biblia. Siku moja nilimuuliza lile bwawa la Wakrah lina kina gani.

"Nasikia ni refu."

"Unasikia kwa nani?"

"Nasikia kwa masikio. Mtoto akirukia upande ule wa mwisho, mlio unachelewa kurudi."

Na alikuwa na watoto watano kwao, na wajukuu juu yake. Aliwapigia kila wiki. Nilimsikia mara nyingi: Umesoma? Umekula? Ng'ombe amepona? Haya, mpe nyanya yako simu. Niliwahi kumuuliza yule mjukuu wake mdogo anapenda mchezo gani. Alifikiri kidogo, akasema, "Yule ni mtoto mzuri sana." Kisha akaenda kufungua mlango ambao haukuwa na mtu.

Hadithi yangu na yeye yenyewe inaanzia pale nilipoleta familia. Kufikia hapo nilikuwa nimekuwa mtu. Nilitoka kwenye limozini, nikapata kafili muungwana, mwenyeji wa kunidhamini, nikaanza na basi moja dogo, likawa matatu, yakawa mengi. Nikakodi fleti Wakrah, orofa ya nne, vyumba vitatu, baridi ya eisii kila kona, nikawaletea viza. Mke wangu akafika na Neema, ambaye alikuwa na miaka minane na alinijua zaidi kwa picha. Nilidhani nimemaliza kazi.

Neema huko Voi alikuwa mtoto wa kelele. Hapa alinyamaza. Nje joto la kuchoma soli, ndani televisheni. Alikaa jikoni akizungumza na mashine ya kufulia. Shuleni alikaa miezi bila kufungua mdomo, mpaka mwalimu wake akatuandikia barua. Mke wangu akanisomea ile barua, akaikunja.

"Voi walimu walimpigia kelele anyamaze," akasema. "Hapa wanaandika kuuliza kama ana ulimi. Baba Neema, mwezi wa sita shule ikifungwa, sisi tunarudi. Nimeongea na mwalimu mkuu kule nyumbani, ametuwekea nafasi."

"Na mimi?"

"Wewe umezoea."

Lakini mimi ni mtu wa vitendo. Wiki ile ile nikamwandikisha Neema kupanda farasi, mahali ambapo watoto wa mabalozi wanaenda. Farasi akamlia kofia. Nikamwandikisha fidla. Alifanya mazoezi siku tatu, ya nne jirani yetu Mmisri akapanda na sahani ya tende kutupa pole, maana alidhani tumefiwa. Nikamwandikisha karate, hesabu za haraka, na darasa la kutengeneza roboti. Gari langu bora lilimpeleka na kumrudisha, na alirudi kila mara amefunga kamba za viatu vizuri kabisa.

Nikaenda kwa Soja. Wakati huo alikuwa mlangoni pa maktaba. Nikamweleza yote, na farasi wa mabalozi sikumwacha nje.

"Nani anampeleka?" akauliza.

"Dereva."

"Na nani anangoja pale nje?"

"Dereva huyo huyo."

"Basi dereva sasa anajua farasi, fidla na karate. Huyo tumemaliza. Mtoto je?"

"Mzee, Ijumaa ndiyo siku yangu ya kazi. Familia zote zinatoka, mabasi yote yako barabarani."

"Nayaona mabasi yako, Tajiri. Yanashusha watoto wa watu."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sasa hivi nikiyakumbuka najikuna kichwa. Nilimwambia kwamba soja wa mlangoni hana la kunifundisha kuhusu kulea, yeye ambaye watoto wake wanamjua kwa sauti ya simu tu. Alimfungulia mama mmoja mwenye kigari cha mtoto, akaufunga mlango taratibu usipige kelele, akasimama pale pale.

Nikakaa wiki mbili bila kumwona. Siku moja nikarudi nyumbani nikakuta sanduku jipya limesimama koridoni, kubwa, bado na karatasi ya dukani. Kesho yake nikanunua karaki vikombe viwili, ile chai ya maziwa na iliki, nikaenda maktabani. Nikampa kimoja. Tukanywa. Kuna wanaume ambao huombana msamaha hivyo, na sisi tulikuwa hao.

Alipomaliza akakibonyeza kikombe. "Ijumaa saa tatu asubuhi, bwawa dogo la Wakrah. Ni saa ya akina baba na watoto. Kila mtoto na baba yake, wote majini. Akina mama wanakaa nyuma ya kioo. Dereva haruhusiwi."

Tukaenda. Mwalimu alikuwa Mfilipino mfupi mwenye mabega kama kabati, anaandika majina na kuwagawa akina baba: wanaojua kuogelea upande ule, wasiojua huku na watoto. Kulikuwa na Wahindi, Wamisri, Mwingereza mmoja, na Mkenya wa Nairobi ambaye alikiri mbele ya watu kwamba hajui hata kidogo. Zamu yangu ikafika. Sasa mimi nitasimama pamoja na mtu wa Nairobi?

"Mimi mtu wa Pwani," nikasema.

Si uongo. Ramani ya Kenya inasema Voi iko Pwani. Isichosema ramani ni kwamba Voi ni vumbi jekundu na ndovu, na bahari iko mbali, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni. Yule wa Nairobi akanitazama kwa heshima. Mwalimu akanielekeza upande wa kina kirefu, pamoja na Mwingereza. Nikajiambia maji ni maji. Nikajirusha.

Huko chini ni kimya sana. Nilipoibuka mara ya kwanza nikaona taa za darini. Mara ya pili nikasikia sauti, ya Kiingereza cha shule, kali, inayofika mpaka barabarani:

"Mwalimu, baba yangu hajui kuogelea. Yeye ni wa Voi. Mwalimu, Voi haina maji."

Alikuwa Neema, amesimama ukingoni, amenyoosha kidole, anaeleza jiografia ya kwetu Taita mbele ya mataifa yote. Mwalimu alinivuta kwa mti mrefu wenye kitanzi. Nilitoka nikikohoa, na nilipopata macho yangu nikamwona mke wangu nyuma ya kile kioo, ameinama, ameficha uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu alipotua.

Nikapelekwa upande wa watoto, nikavalishwa maboya ya mikononi ya rangi ya chungwa, madogo, yananibana kama pingu. Nikapewa mwenzangu wa mazoezi, naye ni Neema.

"Baba, puliza mapovu."

"Napuliza."

"Hupulizi, unakunywa. Puliza. Sasa kwa pua."

"Kwa pua inauma."

"Usiongee. Puliza."

Siku hiyo alizungumza njia nzima, akazungumza mezani, akazungumza mpaka mashine ya kufulia ikapata mapumziko. Ijumaa iliyofuata tukarudi, na iliyofuata. Asubuhi ya Ijumaa nikamkabidhi msimamizi wangu shughuli za mabasi. Hakuna basi lililoanguka. Mwezi wa tano mke wangu alimpigia yule mwalimu mkuu nikiwa nimekaa hapo hapo. "Mpe mtoto mwingine hiyo nafasi," akamwambia. "Hapa bado kuna mtu anafundishwa kuelea." Sanduku akalijaza mablanketi, akalisukuma chini ya kitanda.

Nilimwendea Soja kumshukuru, na kumuuliza.

"Ulijua sijui kuogelea?"

"Mtu wa Voi?" akasema. "Hilo nani hajui. Nilichojua ni kwamba utasema unajua."

Miaka ikaenda. Neema alinishinda majini baada ya miezi miwili na hakuangalia nyuma tena. Mimi sasa naogelea bwawa zima bila kusimama, na kuna watu Wakrah wanaweza kushuhudia. Soja alizidi kuhamishwa hamishwa, mvi zikashuka mpaka kwenye ndevu, hadi kampuni ilipomwambia umri umetosha na hawatamfanyia upya bataka, kile kitambulisho cha ukaazi. Alinipigia simu kunijulisha kwa sentensi moja, kama anayetoa ratiba: Jumanne, saa tano asubuhi, ndege.

Nikasema atapelekwa na mimi mwenyewe, si dereva. Nilileta Landkruza langu jeupe, nikamkalisha mbele. Nyuma alikaa mke wangu na Neema, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na Jumamosi anawashika mkono watoto wadogo pale bwawani. Mke wangu alikuwa amemfungia Soja chapati na mahamri ya kuwatosha abiria wote wa ndege ile. Mzee alikuwa amevaa koti la kawaida na kichwa wazi. Sikuwahi kukiona kile kichwa. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

Tulipoegesha pale uwanja wa ndege, hakushuka. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Yule mjukuu wangu wa mwisho ana miaka saba," akasema. "Nitakaa naye nyumba moja. Mama yake yuko Mombasa kazini, kwa hiyo ni mimi, yeye na nyanya yake. Hanijui. Sasa nimekuwa nikifikiri nimwandikishe wapi."

Nikakohoa kusafisha koo. "Mzee, kule kwenu nikikumbuka vizuri kuna—"

"Wewe nyamaza kwanza, Tajiri. Namuuliza mwalimu." Akageuka nyuma, pole pole, shingo ngumu. "Neema. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?"

Neema akasogea mbele, akaweka kidevu kwenye kiti chake. "Anapenda nini, Babu?"

Soja akafungua mdomo. Nilijua jibu litakalokuja, kwamba ni mtoto mzuri sana. Halikuja.

"Sijui," akasema.

"Basi usimwandikishe popote. Ukifika kaa naye tu. Siku tatu nne hivi. Anapokwenda nenda, akipanda mti simama chini, akikuita ingia."

"Niingie?"

"Ndiyo. Uingie."

Akalifikiria hilo. Mke wangu alikuwa ametazama dirishani, na mimi, ambaye huwa nina la kusema kuhusu kila jambo, nilikuwa nikifuta kioo cha saa ya mwendo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?" Soja akauliza.

"Siku nzima, Babu."

"Siku nzima," akarudia, taratibu, kama mtu anayehofia kusahau njiani. Kisha akafungua mkanda, akaniomba nimpe begi lake.